Kwanza Kazi, Bunduki Baadaye

Likizo iliyopita mpwa wangu, aliyemaliza mwaka wa kwanza chuoni, alikuja kukaa kwetu Tanga akiwa na padi yake mwenyewe ya kuchezea gemu kwenye begi, kama fundi anayesafiri na bisibisi zake. Jioni ya kwanza tukawasha Battlefield 4, gemu ya vita ya timu mbili. Akapitia orodha ya askari, akachagua mdunguaji, akapanda juu ya jengo na kulala kifudifudi. Dakika ishirini hakushuka. Aliua watu wanne, akafa mara mbili, na timu yake ikachapwa vibaya sana.

"Mjomba, hawa jamaa walionipanga nao hawajui kucheza," akasema.

Nikamwambia acheze tena, lakini safari hii aangalie namba mbili zilizo karibu na ramani ndogo kwenye kona ya skrini. Hizo ni tiketi. Katika mtindo mkuu wa Battlefield kila timu inaanza na fungu lake, na wa kwanza kuishiwa ndiye anayeshindwa. Tiketi zinapungua kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaielewa: mtu akifa na kurudi uwanjani, timu yake imekatwa tiketi moja. Ya pili ndiyo inayowatoroka wageni. Ramani ina bendera kadhaa, na timu inayoshika nyingi zaidi humfanya mpinzani avuje tiketi taratibu, moja baada ya nyingine, hata kama hakuna risasi iliyofyatuliwa. Ni kama tangi lenye tundu chini. Mpwa wangu alikuwa amewatoa wapinzani tiketi nne kwa dakika ishirini, na muda wote huo bendera iliyokuwa mita mia moja chini ya jengo lake ilikuwa mikononi mwao.

Kuua watu katika gemu hizi ni kazi mojawapo tu kati ya nyingi, na mara nyingi si ile inayoamua mchezo. Ukishalielewa hilo, orodha ya askari unayopewa mwanzoni haitakuchanganya tena.

Wazo la kumpa kila mchezaji kazi yake ni la zamani. Mwaka 1996 vijana wa Australia walitengeneza Team Fortress kwa kuichokonoa gemu ya Quake, na humo ndani kukawa na daktari, fundi, jasusi na wengineo, kila mmoja na kifaa ambacho mwenzake hana. Mwaka 2003 ikatoka Wolfenstein: Enemy Territory, iliyotolewa bure, na mpaka leo nikitaka kumwonyesha mtu maana ya kazi naitolea mfano ramani yake ya dhahabu. Upande mmoja unatakiwa kuiba kifaru, kukiendesha hadi benki, kulipua milango na kupakia dhahabu kwenye lori. Kifaru kikiharibika, ni fundi peke yake anayeweza kukitengeneza. Baruti za kufungulia njia, ni fundi peke yake anayeweza kuzitega. Mnaweza kuwa na walenga shabaha hodari kuliko wote duniani, lakini kama fundi amelala chini, kifaru kimesimama na nyinyi mmesimama nacho. Kwa hiyo daktari anamkimbilia fundi kwanza, mwenye rashasha anamfunika fundi, na upande wa pili wote wanamwinda fundi. Mchezo mzima unamzunguka mtu mwenye spana.

Battlefield ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, 2002, Battlefield 1942, kazi ya studio ya DICE ya Sweden. Ilikuwa na askari wa aina tano na uwanja wa watu 64, pamoja na vifaru, ndege na meli. Tangu hapo kazi zimekuwa zikipanguliwa na kupangwa upya karibu kila toleo, na hapa ndipo mgeni anapojikwaa. Anasoma jina la kazi, anadhani ameelewa, kumbe vifaa vimehamia kwa mwingine. Katika Battlefield 3 na 4, mashine ya kushtua moyo anayo yule anayeitwa mshambuliaji. Katika Battlefield 1 ya mwaka 2016 daktari ana kazi yake kamili. Katika Battlefield 6, iliyotoka Oktoba 2025, tiba na risasi zote zimewekwa kwa mtu mmoja, msaidizi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi: usisome jina. Fungua orodha ya vifaa, tafuta kile ambacho wengine hawana, na ujue kwamba hicho ndicho ulichoajiriwa kukifanya.

Nianze na daktari, kwa sababu anayeanza hapati mwalimu mzuri kuliko huyu. Hujui ramani, vidole bado vizito, shabaha huna. Lakini unaweza kukimbia na unaweza kuinua watu, na kila unayemwinua ni tiketi iliyobaki kwenye fungu la timu yako. Daktari aliyeinua watu kumi na tano na hakuua mtu ameifanyia timu makubwa kuliko mdunguaji wa watu wanne, na ubao wa pointi mwishoni utalisema hilo bila kumung'unya.

Makosa yake nayo yanajulikana. Mwenzako ameanguka katikati ya barabara, alama yake inawaka kwenye skrini, sekunde zinahesabika. Mgeni anatimua mbio moja kwa moja, anainama juu ya mwili, paa, sasa wamelala wawili. Aliyemwangusha wa kwanza hakuhama! Bado yuko dirishani anasubiri wa pili. Kabla ya kutoka, tazama mwenzako alikuwa ameelekea wapi. Huenda risasi ilitoka huko. Tupa guruneti la moshi kati ya dirisha hilo na mwili. Subiri moshi ujae, nusu pumzi tu, ndipo uingie. Katika Battlefield 4 kuna jambo la ziada: ukibonyeza mashine haraka haraka mwenzako anaamka na uhai kidogo, na risasi moja inamrudisha chini. Ukishikilia kitufe mpaka ijichaji, anaamka mzima. Nyuma ya ukuta, shikilia. Barabarani, huna muda huo, bonyeza na mkimbie wote wawili. Na kuna wakati jibu sahihi ni kumwacha. Mtu aliyeanguka mbele ya kifaru cha adui, mwache arudi kwa tiketi yake, maana tiketi moja ni nafuu kuliko mbili.

Fundi naye anaishi kwa vitu viwili, kirusha roketi na spana. Wengi wanapenda roketi. Wanasimama mbele ya kifaru, wanarusha moja kwenye chuma kinene cha mbele, wanaanza kupakia ya pili na hawaimalizi. Kifaru kipige nyuma, ndiko madhara yanakozidi, na mpige wawili kwa pamoja, kwa sababu ukikipiga peke yako kinarudi nyuma ya nyumba na fundi wa kwao anakitibu. Huo utibabu ndio nusu ya kazi ambayo wageni hawaigusi. Kaa nyuma ya kifaru chenu na spana mkononi, huonekani, hupigiwi makofi na mtu, na kile kifaru hakifi.

Msaidizi, yaani mwenye rashasha na mfuko wa risasi, nitampitia haraka. Tupa mfuko pale wenzako walipojibanza, usiutupe miguuni pako halafu ukaondoka. Na risasi zake haziendi bure hata zikikosa: katika Battlefield 3 na 4 risasi nyingi zikimpita mtu karibu macho yake yanapata ukungu na mkono unatetereka, basi miminia dirisha lile daktari wako avuke.

Ndipo tunamrudia mpelelezi, kazi ya mpwa wangu. Hakukosea kuichagua. Alikosea kudhani kwamba kazi yenyewe ni ile bunduki ndefu. Mpelelezi wa Battlefield 4 anabeba redio ambayo akiitega mahali, wenzake wa kikosi wanaweza kurudia uwanjani hapo hapo badala ya kutembea tokea kambini. Ana vitambuzi vya mwendo vinavyowaanika maadui kwenye ramani. Redio moja iliyofichwa nyuma ya choo karibu na bendera ya adui inaleta watu wanne mgongoni mwao kila baada ya muda mfupi. Nilimwonyesha. Alinitazama kama niliyemficha kitu kwa makusudi.

Mazingira ya vita yenyewe nayo yanabadilisha kazi. Gemu ya vita vya sasa ina droni na vifaa vya kielektroniki, basi upelelezi unafanyika kwa mashine. Ukienda Vita vya Kwanza vya Dunia, kama Battlefield 1, bunduki nyingi zinapakiwa polepole, kuna farasi, na kuna gesi ya sumu: ukivaa kinyago cha gesi unapona lakini huwezi kulenga kwa kutazama kwenye shabaha ya bunduki, hivyo wenye rashasha za karibu wanapata neema. Hell Let Loose ya Vita vya Pili inaweka watu 50 kwa 50, risasi moja mara nyingi inatosha kukulaza, na maafisa wa vikosi ndio wanaopanga wapi watu warudie. Usiuchukue uafisa siku ya kwanza, utatukanwa kwa lugha nne. (Kama mtu wa Tanga nina manung'uniko yangu: Battlefield 1 ina Sinai, ina Suez, ina Amiens, lakini haina Tanga, ambako Novemba 1914 kikosi cha Waingereza cha watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, kilishuka kutoka baharini na kufukuzwa, huku nyuki waliovurugwa mizingani wakiwauma wote bila kuuliza bendera. Hebu fikiria nyuki kama silaha kwenye ramani!)

Wengi wetu hata hivyo hatuchezi kwenye kompyuta wala PS. Tuna simu, na kwenye simu kuna Call of Duty: Mobile, ya mwaka 2019, na PUBG Mobile ya mwaka mmoja kabla yake. Ile ya watu 100 wanaoruka na parachuti kila mtu anaielewa upesi: ramani ni kubwa, Erangel ya PUBG ni kilomita nane kwa nane, duara linapungua, abaki mmoja au kikosi kimoja. Penye utata ni ile ya tano kwa tano. Hapo hakuna orodha ya madaktari na mafundi, unajipangia mwenyewe bunduki na nyongeza zake, na mgeni anadhani hakuna kazi. Zipo, ila hazijaandikwa.

Chukua mchezo wa bendera tatu, A, B na C. Pointi zinaingia kila baada ya sekunde kadhaa kwa kila bendera unayoishika. Wa kwanza anakwenda kushika bendera iliyo karibu na nyumbani na kubaki hapo kidogo. Wawili wanakimbilia B, ya katikati. Mwingine anakaa pembeni na bunduki ya masafa, anachunga njia wanayojia. Mkishika mbili, tulieni. Tamaa ya kuifuata ya tatu ndiyo inayowaponza watu, na sababu yake haionekani kwenye skrini: gemu inachagua pa kumrudishia mtu aliyekufa kwa kuangalia wenzake wako wapi na maadui wako wapi. Mkivamia bendera ya nyumbani kwao, gemu inaona pale hapako salama kwao, inawarudishia upande wa pili wa ramani, yaani kwenu, mgongoni mwenu, kando ya bendera mliyoiacha bila mtu. Halafu mnalalamika kwamba wametokea hewani.

Na zile zawadi za vita, droni ya upelelezi, kombora, helikopta. Call of Duty 4 ya mwaka 2007 ilizitoa kwa kuua mfululizo bila kufa: watatu droni, watano shambulio la ndege, saba helikopta. Kwenye toleo la simu zinahesabiwa kwa pointi, na kushika bendera kunaleta pointi. Anayeanza achukue droni ya upelelezi, mojawapo ya zile za bei ya chini. Inaonyesha maadui kwa timu nzima.

Sasa setingi, au mipangilio ukitaka Kiswahili cha darasani. Gemu inakuja na mipangilio iliyokusudiwa kupendeza macho dukani. Mvuke, ukungu wa mwendo ukigeuza shingo, chembechembe kama za filamu ya zamani, mng'aro wa jua. Zima vyote hivyo. Picha itakuwa kavu kidogo na utawaona watu.

Kama unatumia televisheni, jambo la kwanza si la gemu kabisa. Televisheni za kisasa huipokea picha, huisafisha na kuipamba kabla ya kuionyesha, na hiyo inachukua muda. Unabonyeza, bunduki inalia baadaye. Shika rimoti ya televisheni, siyo padi, tafuta mfumo wa gemu kwenye menyu ya picha, uwashe. Nimewahi kukaa miezi nikiilaumu padi ya mkopo, nikaibadilisha, nikailaumu ya pili, kumbe mkosaji alikuwa ukutani.

Fremu zinafuata. Gemu ni picha nyingi zinazopita kwa kasi. Picha 30 kwa sekunde maana yake mpya inakuja kila baada ya milisekunde 33, picha 60 kila milisekunde 17 hivi. Kwenye simu, shusha ubora wa picha chini ili upandishe kasi ya fremu. Mara nyingi menyu yenyewe haikuruhusu vyote viwili. Jihadhari na joto. Simu ikipata moto inajipunguzia nguvu yenyewe, mechi ya kwanza inateleza na ya tatu inakwama kwama. Vua kava. Usicheze huku inachajiwa.

Sensitiviti, yaani ukisogeza kidole kiasi hiki macho yageuke kiasi gani, inaandikwa sana mtandaoni na watu wanaonakili namba za mabingwa. Namba ya bingwa imepimwa kwa kidole chake na skrini yake. Fanya hivi: ingia uwanja wa mazoezi, simama ukiutazama mlango, weka kidole gumba katikati ya nusu ya kulia ya skrini na ukisogeze mara moja mpaka ukingoni. Ukiwa umegeuka nusu mduara, umeupa mlango mgongo, hapo ni pazuri pa kuanzia. Ukipita sana, punguza. Ukiishia ukutani, ongeza. Kisha mtazame mtu wa bandia anayetembea na ujaribu kumfuata na alama ya kulengea bila kuruka ruka. Hapo utarekebisha kidogo tena. Skopu, yaani darubini za bunduki, zina sensitiviti zake kando, na ya skopu ndefu iwe nzito zaidi. Palipo na chaguo la mzunguko wa kasi isiyobadilika, chukua hilo, ili kidole kijifunze umbali mmoja. Halafu, na hapa ndipo watu wanaposhindwa, usiguse chochote wiki nzima. Mkono hauwezi kujifunza nyumba ambayo kila siku milango inahamishwa.

Upana wa macho nao una kitelezi chake. Ukiupanua unaona zaidi pembeni, lakini watu wa mbali wanakuwa wadogo. Kwenye simu upanue kidogo tu, na kwenye kompyuta, unapokaa karibu na skrini, panua zaidi. Vaa spika za masikioni hata kama ni zile za bei ya soko la Jumapili: nyayo zinasikika kulia au kushoto, na sauti ya mtu anayepakia bunduki nyuma ya ukuta ni habari kamili. Muziki wa gemu zima.

Bado lile linalotuuma zaidi sisi wa ukanda huu. "Nina mega ishirini na bado nakwama." Kasi ya bando na pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva (kompyuta ya mbali inayoendesha mchezo) na kurudi, ni vitu viwili. Fuso linabeba magunia mengi, bodaboda inabeba bahasha moja, na bahasha ndiyo inayofika kwanza. Gemu inatuma bahasha ndogo ndogo mfululizo. Inachohitaji ni zifike upesi na bila kupotea. Mwanga ndani ya nyaya za fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuseme seva iko Frankfurt: kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 70, na nyaya hazinyooki: kutoka pwani yetu zinapita baharini kuelekea Ghuba na Bahari ya Shamu, zikizunguka pembe zote za dunia. Johannesburg, kwa hesabu ile ile, ni milisekunde 25 hivi. Hakuna kifurushi kitakachofuta umbali huo. Gemu ikikupa uhuru wa kuchagua seva, jaribu zote kwa zamu na utazame namba ya pingi, siyo jina la nchi, maana njia ya waya inaweza kukushangaza. Na nyaya zikikatika, kama Mei 2024 zilipokatika EASSy na SEACOM na nusu ya Afrika Mashariki ikakwama, cheza draft.

Pingi ndiyo inayoeleza pia kile kilio cha kila siku: "Nilikuwa nimeshajificha nyuma ya ukuta, nimekufaje?" Ulijificha kwenye skrini yako. Kwenye skrini ya aliyekupiga ulikuwa bado unakimbia, na seva, ili isimwonee mwenye mtandao wa polepole, inarudisha saa nyuma na kuuliza mpigaji alikuwa anaona nini alipofyatua. Alikuona, basi umekufa. Dawa yake ni ndogo na inaudhi: ondoka wazi mapema kuliko unavyodhani inatosha, na usitokeze kichwa mara mbili kwenye kona ile ile.

Mpwa wangu aliondoka baada ya wiki mbili. Usiku kabla ya safari nilimkuta sebuleni taa imezimwa, spika masikioni, amejibanza nyuma ya kifaru kilichokuwa kinavuka daraja, spana mkononi, ananong'ona na watu wasiomwona: "Endeleeni, endeleeni, niko nyuma, nawashikia." Bunduki hakuifyatua hata mara moja mpaka walipofika ng'ambo.